Tanga ishike mkonge tu, au itawanye?

Ndugu yangu, umeuliza kama Tanga irudie mkonge kwa nguvu zote au ikaribishe viwanda vya kila aina. Mimi nasema anzeni na mkonge, lakini msiishie kwenye singa, yaani nyuzi zake.

Mwaka 1964 Tanganyika ilivuna zaidi ya tani 200,000 za mkonge, ikiongoza duniani. Kisha kamba za plastiki zikaangusha bei, na mashamba mengi yakataifishwa kuanzia 1967. Mji ukaanguka pamoja na zao, maana reli, bandari na mafundi vyote viliutegemea mkonge. Kilichouma zaidi ni kwamba tulikuwa tunauza singa ghafi, wengine wakitengeneza bidhaa.

Tazama jani linavyopita kwenye korona, mashine ya kutoa singa: singa inayotoka ni kama asilimia 4 tu, iliyobaki ni maji na makapi. Makapi hayo yanatoa gesi ya umeme. Pale Hale, mkoani Tanga, mtambo wa gesi hiyo ulishajengwa. Fundi anayechonga vipuri vya korona anaweza pia kuhudumia kiwanda cha saruji au bandari. Huko ndiko kutawanya ninakokuamini, kwa sababu ujuzi tayari upo mjini.

Kugawa misamaha ya kodi kwa kila mwekezaji anayebisha hodi, hilo siliungi mkono hata kidogo. Kabla ya kikao chenu, zungukeni karakana zote, mwandike kila moja inatengeneza nini na inakwama wapi: umeme, mtaji au vipuri. Bajeti ianzie hapo.