Jibu: Je, John Donne aliyaacha mapenzi alipomgeukia Mungu?
Ndugu yangu, umeuliza iwapo John Donne, mshairi Mwingereza wa karne ya 16 na 17, aliyaacha mapenzi alipoanza kuandika mashairi ya dini. Naamini hakuyaacha, bali aliihamishia lugha ya mapenzi kwa Mungu. Katika shairi lake la mapenzi kuhusu kiroboto, mdudu aliyewauma wapenzi wawili na kuchanganya damu zao anaitwa kitanda cha ndoa na hekalu, hata kumuua kukahesabiwa kuwa ni kufuru. Nako katika soneti takatifu (shairi la dini la mistari kumi na minne) ambamo msemaji anamsihi Mungu wa nafsi tatu aupige moyo wa msemaji huyo kwa kishindo, yeye ni kama mji uliotekwa, tena mchumba wa adui wa Mungu, anayeomba atenganishwe naye kwa talaka, afungwe, na atwaliwe kwa nguvu ndipo awe safi. Ombi hilo la mwisho hunitetemesha kila nilisomapo, kwa kuwa usafi unaombwa kwa tendo lile lile ambalo kwa kawaida huuvunja.