Mafuta mazito, mita 500: anza na mvuke

Ndugu wa Lubumbashi, katika zoezi lako umeuliza uingize mvuke au kaboni dioksidi ardhini ili kutoa mafuta ghafi mazito (tabaka la mwamba lenye mafuta liko mita 500 chini, unene mita 20; mnato, yaani ugumu wa mafuta kutiririka, ni sentipoizi 4,000). Chagua mvuke. Kaboni dioksidi iache: mafuta mazito hivyo hayayeyukiani nayo vizuri, na kina hicho hakina presha ya kutosha. Anza na kisima kimoja kimoja: ingiza mvuke wiki mbili tatu, funga siku kadhaa joto lisambae, kisha vuta. Mavuno ya kila mzunguko yakishuka sana, hamia kusukuma mvuke toka kisima hadi kisima. Wengi husahau saruji inayoshikilia bomba la kisima! Ya kawaida hudhoofika ikipita nyuzi 110 za Selsiasi. Ongeza unga wa silika (mchanga uliosagwa laini), asilimia 35 hadi 40 ya uzito wa saruji. Tena kagua kama kuna maji mengi chini ya mafuta, maana yatameza joto lako.