Kuchagua kati ya vyuo vitatu vya udaktari: jibu kwa mdogo wangu wa Masasi

Mdogo wangu, umeuliza jambo ambalo mimi nililiamua vibaya mwaka 2017, na uamuzi ule ukanigharimu mwaka mzima wa masomo, kwa hiyo uniwie radhi nikirefusha maneno. Umesema umechaguliwa kusomea udaktari wa binadamu Muhimbili, Chuo Kikuu cha KCMC kule Moshi, na chuo kimoja binafsi cha Dar es Salaam. Baba ni mkulima wa korosho, mjomba anashikilia Muhimbili kwa sababu ya jina, nawe moyo wako uko Moshi kwa kuwa umesikia wanafunzi wa huko hufundishwa kwa karibu zaidi.

Nianze na hilo la jina, maana ndilo jepesi. Shahada yenyewe ni miaka 5 kote huko, ikifuatiwa na mwaka mmoja wa utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini chini ya usimamizi, na anayekusajili mwishowe ni Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo linachotaka ni chuo kiwe kinatambuliwa. Muhimbili imefundisha madaktari tangu 1963 na heshima yake imetokana na kazi, siibezi. Ila hapa mkoani Lindi ninapofanya kazi tumetoka vyuo vinne tofauti na tunashika zamu moja, na sijapata kumsikia mgonjwa wala mganga mfawidhi akiuliza nani kasoma wapi.

Jambo zito ni ada, na hapa naomba usome taratibu pamoja na baba. Nyumba zetu za kusini hupata fedha mara moja kwa mwaka. Minada ya korosho hufunguliwa Oktoba, malipo hupitia chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, na ikifika Machi fedha ile imeshalipa madeni, imeshaezeka paa, na kinachobaki kinatunzwa kwa ajili ya salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, ya msimu unaofuata. Chuo nacho hudai sehemu ya kwanza ya ada wakati wa usajili, kabla mzee hajalipwa, na sehemu ya pili muhula wa pili, baada ya fedha kwisha. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya serikali husaidia sana, lakini kiwango chake hutegemea tathmini ya hali ya familia yako, na hakuna anayekuahidi kwamba utafunika ada yote ya chuo binafsi. Pengo linalobaki ni la familia, nalo hurudi kila mwaka kwa miaka 5.

Mimi nilichagua chuo binafsi kwa sababu majengo yake yalinivutia na mkopo wangu ulilipa sehemu ya ada. Msimu wa 2017/18 bei mnadani ilifika karibu shilingi 4,000 kwa kilo, mzee akalipa pengo huku akitabasamu, nami nikaamini kwamba hesabu imekaa sawa. Msimu uliofuata, ambao hakuna mtu wa Mtwara au Lindi asiyeukumbuka, wakulima walizikataa bei za mnadani, serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo yakawa yanatoka kwa awamu baada ya uhakiki. Ya mzee wangu yaliingia wakati mitihani ya muhula imekwisha. Utaratibu wa chuo ulikuwa kwamba asiyekamilisha ada haingii kwenye chumba cha mtihani, na sikuingia. Nikaahirisha mwaka, nikarudi Tandahimba kupalilia mikorosho, na niliporejea chuoni kurudia mwaka wa pili wenzangu walikuwa wa tatu, wamevaa makoti meupe wanaingia wodini. Nilimaliza 2023 badala ya 2022.

Kwa hiyo chukua karatasi. Andika ada ya kila chuo pamoja na michango yake yote, kwa maana michango ndiyo hujificha, kisha toa mkopo mdogo kabisa unaoweza kuupata, si ule unaouombea dua. Kinachobaki kizidishe mara 5, uone jumla yake, halafu mwulize baba kama angeweza kulipa sehemu ya mwaka mmoja katika msimu mbaya kuliko yote aliyowahi kuiona, si katika msimu mzuri. Muhimbili ni chuo cha umma na ada yake iko chini kwa mbali kuliko ya vyuo binafsi. KCMC, pamoja na sifa zake, ni chuo binafsi chenye mizizi ya kanisa.

Kuhusu ufundishaji umeuliza vizuri, lakini usitosheke na kusikia. Miaka miwili ya mwanzo ya anatomia, fiziolojia na baiokemia haitofautiani sana, kitabu ni kitabu. Tofauti huanza mwaka wa tatu, unapoingia wodini. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa nne wa kila chuo, umwulize mnazunguka wangapi kitanda kimoja wakati wa raundi, na yeye mwenyewe amezalisha akina mama wangapi kwa mikono yake. Mimi raundi za asubuhi nilizisikiliza nikiwa nyuma ya migongo ya wenzangu kumi na tano. Nilichojifunza kwa kweli nilikipata usiku kwenye zamu, wakati wengi wamekwenda kulala na daktari aliyechoka anahitaji msaidizi. Hospitali kubwa ya rufaa itakuonyesha magonjwa adimu, jambo zuri, lakini busha, ambalo huku pwani yetu ni ugonjwa wa kila wiki, nilijifunza kulipasua katika mwaka wa utarajali.

Umbali usikusumbue sana. Masasi hadi Moshi ni safari inayopita kilomita 1,000, na barabara yetu inaweza kukatika kama ilivyokatika Somanga Mei 2024, lakini mwanafunzi wa udaktari hurudi nyumbani mara chache tu.

Ningekuwa wewe, kwa maelezo uliyotoa, ningekwenda Muhimbili. Mjomba amefika mahali sahihi kwa njia isiyo sahihi. Kama lakini kuna mtu mwenye mshahara wa kila mwezi aliyekuahidi kwa dhati kulipa pengo, na majibu ya wanafunzi wa mwaka wa nne yakaipendelea Moshi, basi Moshi, na sitakulaumu. Hicho chuo cha tatu kiache.

Mwisho, aliyechaguliwa chuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja tu ndani ya muda uliotangazwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kwa kutumia namba ya siri atakayotumiwa kwenye simu. Majina ya wanaopata mikopo kwa kawaida hutoka baada ya hapo, ndiyo maana nimekuambia upige hesabu kwa mkopo mdogo. Usingoje siku ya mwisho, mtandao huelemewa. Na kama namba ya simu uliyojaza kwenye maombi ni ya mjomba, nenda leo ukae karibu naye.