Maharage, mkaa na ugomvi wa taa

SWALI: Shikamoo fundi. Mume wangu amebadilisha taa zote za nyumba, na kila jioni anapita chumba kwa chumba akizima, eti tunapunguza joto la dunia. Dada yangu aliponipa jiko la presha la umeme, mume wangu akaniambia nilirudishe, litamaliza uniti za LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla. Kwa hiyo maharage na kiburu (ndizi na maharage) napikia mkaa, na kopo moja la sado halifikishi siku mbili. Nani yuko sahihi? – Mama Wawili, Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Baba watoto hajakosea kubadilisha taa. Kazi ya balbu ya zamani ya wati 60, hizi za LED zinaifanya kwa wati 8 au 9. Ila anaokota senti huku noti zinadondoka jikoni.

Umeme wetu wa gridi unatokana zaidi na maji na gesi asilia. Hapo chini yetu, mitambo ya bwawa la Nyumba ya Mungu inazungushwa na maji yanayoshuka Kilimanjaro na Meru. Ni megawati 8 tu, lakini haifuki moshi. Mkaa ni habari nyingine. Kwenye tanuri la udongo, kilo moja ya mkaa hula kilo 6 hadi 10 za kuni, na nguvu nyingi ya kuni hizo inapotelea porini kabla gunia halijashonwa. Serikali yenyewe inataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034, kwa hiyo mumeo asidhani ni maneno ya wanawake.

Jiko la presha la umeme nililipima kwangu Jumapili ya juzi, maana hata mimi nilikuwa mbishi. Nusu kilo ya maharage ya njano, yaliyolala kwenye maji usiku kucha. Nikachomoa friji isije ikanidanganya. Mita, inayoonyesha uniti zilizobaki, ilisoma 38.4. Baada ya dakika 40 nikafungua mfuniko, maharage yanapondeka kwa kidole, mita 38.0, yaani uniti 0.4 tu.

Mkitaka mla uniti, nendeni bafuni. Hita ya kuogea ya wati 5,500 ikiwaka dakika 10 inameza uniti 0.9. Kwa umeme huo, taa moja ya wati 9 ingewaka saa 100! Najua baridi ya Julai, simlazimishi mtu maji baridi ya Njoro. Lakini anayeimba humo ndani akaimbie sebuleni.

Sasa tahadhari. Kama mko kwenye daraja la bei nafuu la umeme, ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi, hivyo hesabu kabla hujahamishia kila kitu kwenye umeme. Jiko lichomeke kwenye soketi ya ukutani; eksteshini za bei rahisi nimezikuta zimeyeyuka kama ubani. Maharage yasipite nusu ya chungu, povu huziba tundu la mvuke. Na magadi ya kiburu yawe kidogo, yanakula alumini.

Jiko la mkaa usilitupe, umeme ukikatika utalitafuta. Kuhusu mumeo, usibishane naye. Jumamosi mpe kalamu, asome mita mwenyewe kabla na baada ya maharage, halafu mtume akanunue sado ya mkaa kwa hela yake.