Kwa Wanaoanza Kusoma Sarafu za Fedha za Shirikisho la Akaya

Anayeanza fani hii akikabidhiwa sarafu ya fedha ya Shirikisho la Akaya, muungano wa miji ya Ugiriki ya kale, huvutwa na uso wa Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki, akapoteza asubuhi nzima akilinganisha nywele na ndevu. Ushauri wangu ni kuigeuza mapema. Kichwa hicho chenye taji la majani kilitumiwa na miji yote ya shirikisho, ilhali kinachotambulisha mji ni alama ndogo za upande wa nyuma, zilizobanwa ndani ya shada kandokando ya herufi za Kigiriki A na X zilizounganishwa, yaani mwanzo wa jina la Waakaya.

Sarafu yenyewe ni nusu drakma (drakma ni kipimo cha fedha cha Wagiriki), yenye uzito wa gramu 2.4 hivi ikiwa haijalika sana, na upana wa takriban milimita 15. Mara nyingi muhuri, yaani kifaa cha kugongea picha, ulikuwa mpana kuliko kipande cha fedha kilichogongwa, kwa hiyo alama unayoitafuta huenda iliangukia nje ya ukingo. Usikisie, bali tafuta sarafu nyingine zilizotoka kwenye muhuri uleule uziweke sambamba. Njiwa wa Sikyon, farasi mwenye mbawa wa Korintho, pomboo wa Patrai na filimbi ya matete ya Megalopolis utavizoea upesi. Mitego imo kwenye herufi zinazosimamia majina ya miji.

Mimi niliwahi kuona kitu kama FA nikaandika kwenye kadi, bila wasiwasi wowote, «Pharai». Aliyenisimamia hakunikemea, aliniomba tu niliandike jina hilo kwa Kigiriki, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba huanza na Φ, duara lililopasuliwa na mstari. Ile niliyoidhania F ilikuwa digama, herufi ya kale yenye sauti ya «w» yetu, kwa maana watu wa mji wa Elis walijiita Waleioi katika lahaja yao. Kosa hilo liliharibu na tarehe pia: Pharai ilikuwa miongoni mwa miji minne iliyolifufua shirikisho mwaka 280 KK, lakini Elis iliingia mwaka 191 KK, na kadi yangu iliruhusu karibu miaka tisini ambayo sarafu ile isingeweza kugongwa.

Mwaka wa mji kujiunga, basi, hukupa mpaka wa chini wa tarehe. Mpaka wa juu ni mgumu zaidi. Zamani ilichukuliwa kwamba fedha hii yote ilikoma Warumi chini ya jemadari Mummius walipoiteketeza Korintho mwaka 146 KK, lakini uchunguzi wa hazina zilizofukiwa, ambamo sarafu za Akaya hukutwa pamoja na za Athens na dinari za Kirumi, kama ile ya Agrinion iliyopatikana mwaka 1959, umewafanya watafiti kusogeza sehemu ya toleo hili hadi karne ya kwanza KK. Usiandike «kabla ya 146» kwa mazoea.

Mwanahistoria Polybius, mzaliwa wa Megalopolis na mtoto wa kiongozi wa shirikisho, aliwasifu Waakaya kwa kutumia sheria, mizani, vipimo na sarafu za namna moja. Sifa ya mwenye nyumba, lakini kuhusu sarafu hakukosea. Ukikwama kabisa, ziendee zile za shaba, ambazo wengi huzipuuza kwa sababu ya kutu: humo jina la mji liliandikwa kwa ukamilifu.