Bomba liko chini, daftari liko wapi?

Shikamooni wakubwa, vijana mambo. Mwezi huu meseji za mabomba ya mafuta na gesi zimekuja nyingi kuliko za mikopo, sijui ni mvua zimefukua vitu huko mashambani au ni nini. Nimechagua nne. Mbili nimezijibu kwa urefu maana ndo zilizonigusa, mtanivumilia.

*Shikamoo mzee. Nimepata kiwanja Mbeya vijijini, bei poa. Muuzaji anasema bomba la gesi linalopita pale liko kule kwenye miparachichi, jirani anasema hapana liko huku kwenye migomba, na kile kinguzo cha alama chenyewe kimelala chini. Nani anajua lilipo kweli? — Mama wa Uyole*

Marahaba mwanangu. Kwanza hilo sio la gesi. Linalopita huku kwetu na kuelekea Zambia ni la TAZAMA, linaanzia Kigamboni linaishia Ndola, kilomita 1,710, lilianza kazi 1968, hisa theluthi mbili ni za Zambia na theluthi moja yetu. Kwa miaka mingi lilikuwa linabeba mafuta ghafi, tangu 2023 linabeba dizeli. Gesi asilia ya Songo Songo na Mtwara inakwenda Dar, huku juu kwenye baridi tunapikia ya mtungi.

Sasa nani anajua lilipo? Anayejua ni karatasi. Bomba likishafukiwa hakuna mtu anayeliona tena, si muuzaji wala jirani, na hata mwenyekiti wa kijiji anakumbuka tu alichoonyeshwa na baba yake. Kinguzo kilicholala sio ushahidi, mtu anaweza kuwa alikifungia ng'ombe kikang'oka akakichomeka palipokuwa karibu. Kwa hiyo hela usitoe. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri uangalie ramani, halafu waandikie wenye bomba waje na kifaa chao cha kulitafuta wakuonyeshe linapita wapi na mwisho wa eneo lao uko wapi, na jibu uletewe kwa maandishi lina muhuri, sio la simu. Kabla ya hapo usichimbe hata shimo la choo. Na siku ukisikia ardhi inanuka dizeli, ndoo iache ndani, toa taarifa ukiwa mbali, si unakumbuka Morogoro tarehe 10 Agosti 2019, lile lori la mafuta, watu zaidi ya 100 walikufa wakichota.

*Mwalimu mwenzangu mmoja anadai Marekani mtaa mzima uliungua kwa kosa la kwenye makaratasi ya bomba la gesi. Nimebishana naye wiki nzima. Karatasi inaunguzaje nyumba? Na serikali yao ilikuwa wapi? — Mwalimu, Mafinga*

Mwalimu, hapo umepigwa bao. Ni kweli, ni San Bruno, California, tarehe 9 Septemba 2010, jioni jioni watu wanatoka makazini. Bomba la gesi la kampuni ya PG&E, upana wake inchi 30, lilipasuka katikati ya makazi, kipande kizima cha bomba kikarushwa juu kikaenda kudondoka mbali, watu 8 wakafa na nyumba 38 zikateketea. Na gesi iliendelea kutoka dakika 95 ndo ikafungwa, kwa sababu valvu zilikuwa za kufunga kwa mkono, mpaka mtu azifuate mwenyewe. Dakika 95 mwalimu, mechi nzima na za nyongeza juu.

Karatasi inaingia hapa. Kwenye rekodi za kampuni, kipande hicho kiliandikwa ni bomba lisilo na mshono, yaani limetoka kiwandani zima, imara. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri na mabomba, walipokiangalia wakakuta kina mshono, tena ni vipande vifupi vifupi vimeungwaungwa mwaka 1956, na baadhi ya mishono fundi alichomelea nje tu, ndani haijashika. Kumbe hilo neno la "halina mshono" asili yake ni vocha za wahasibu, sio fundi aliyesimama kwenye mtaro akaliona! Na bomba la inchi 30 lisilo na mshono enzi hizo hata kupatikana lilikuwa halipatikani, kwa hiyo mtu mmoja tu angesoma ile rekodi kwa makini na kujiuliza, angeshtuka. Hakuna aliyejiuliza, miaka zaidi ya hamsini.

Ukishaamini bomba halina mshono, huendi kukagua mshono. Unachagua njia ya ukaguzi isiyoweza kuuona huo ubovu, na presha unayoiruhusu unaipanga kwa chuma ulichonacho kichwani wakati ardhini kuna kingine. Rekodi isiyokuwepo ina nafuu, itakulazimisha uchimbe ukaangalie. Rekodi ya uongo inakulaza usingizi mzito.

Serikali ilikuwepo. Kule mabomba ndani ya jimbo yanasimamiwa na tume ya huduma za umma ya California, CPUC, tuseme ni EWURA yao, ile mamlaka yetu ya kudhibiti nishati na maji. Ila sheria ilikuwa na tundu, mabomba yaliyowekwa kabla ya 1970 yalisamehewa kile kipimo cha kulijaza bomba maji na kulipandishia presha kupita ile ya kazi. Yaani mzee kasamehewa kupimwa presha kwa sababu ni mzee, wakati ndo wa kuanza naye. Na mkaguzi kazi yake kubwa ilikuwa kupitia makaratasi ya kampuni, sasa kama karatasi lenyewe linadanganya mkaguzi naye anadanganywa kwa heshima zote. NTSB kwenye ripoti ya 2011 iliwasema wote, kampuni na msimamizi wake. Baadaye, 2014, zikawekwa hadharani barua pepe za kirafiki mno kati ya watu wa kampuni na watu wa tume, hapo mimi sikushangaa hata kidogo.

Baada ya ajali kampuni zikaambiwa toeni rekodi zinazofuatilika, zinazothibitika na zilizokamilika, na bomba lisilo na rekodi hizo lipimwe upya au ling'olewe. Basi mapema 2011 PG&E wakakodi ukumbi mkubwa wa maonyesho unaitwa Cow Palace, wakajaza maboksi ya makaratasi yao ya miaka na miaka, watu usiku na mchana wanapekua kutafuta nani alichomelea nini na lini. Huwa naiwazia hiyo picha nikiona kabati la mafaili limeegeshwa kwenye korido la ofisi zetu, paa linavuja.

2015 CPUC wakawapiga adhabu ya dola bilioni 1.6, nyingi yake ikiwa ni kuboresha mabomba kwa hela ya wenye hisa na kuwarudishia wateja. 2016 baraza la wazee wa mahakama likawatia hatiani kwa makosa sita, matano ya sheria ya usalama wa mabomba na moja la kuzuia uchunguzi, faini ya mahakama ikawa dola milioni 3. Hizo hesabu mbili ziweke ubaoni wanafunzi wakusaidie kuelewa, mimi bado.

Na ukidhani walijifunza, Machi 2014 mji wa Carmel, hukohuko California, mafundi wao walitoboa bomba la chuma kuunga laini bila kujua ndani yake lilishapitishwa bomba la plastiki, kwenye ramani halimo. Gesi ikapenya ikaingia kwenye nyumba moja ikalipuka. Bahati wenyewe hawakuwepo.

*Kamwene mzee. Nafanya kazi kwenye depo ya gesi ya mitungi, jina niachie. Bosi kaniletea daftari la ukaguzi, miezi minne iko tupu, anataka nijaze yote kabla wakaguzi hawajafika, anasema ni fomaliti tu, kila mtu anafanya. Nifanyeje? — Karani, Iringa*

Kamwene mwanangu. Umesoma hapo juu nilichomjibu mwalimu? Daftari lako na lile la San Bruno ni ndugu.

Nikupe ya kwangu. Nikiwa kijana nilipelekwa kwenye depo moja, siitaji, kupokea zamu. Nafungua daftari la geji nakuta 4.0, 4.0, 4.0, miezi mitatu, Krismasi 4.0, Idi 4.0. Wino mmoja, mwandiko umelala upande mmoja, kurasa nyeupeee kama za sherehe. Nikaenda kuiona hiyo geji yenyewe, nikakuta tundu limezibwa na kitambaa. Geji ilishapelekwa kutengenezwa wiki tano nyuma! Mwenzangu alikuwa anasoma presha ya kitambaa. Daftari la kweli ni chafu, lina dole la grisi, lina tone la mvua, kalamu zimebadilika, kuna siku 3.8 kuna siku 4.1, kuna siku mtu kakosea kakata mstari mmoja kaweka sahihi pembeni. Mkaguzi mwenye uzoefu hahitaji hata kusoma namba, anapekua kurasa tu anajua.

Kwa hiyo usijaze. Ile miezi minne andika haikukaguliwa, weka tarehe ya leo na jina lako, halafu leo hiihii mzunguke mkague kweli, valvu, hozi, vizimamoto, na ile mifereji na mashimo ya sakafuni, maana gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa inatambaa chini inajikusanya humo. Hayo ndo ujaze. Depo itaulizwa kwanini, itapewa onyo pengine na faini, lakini siku tanki likileta balaa mwandiko utakaoonyeshwa mahakamani ni wako, bosi atasema mimi nilimkuta karani kajaza. Agizo lake mwombe aliandike, hata kwa meseji. Utashangaa litakavyofutika haraka.

Akikutisha, EWURA wana ofisi ya kanda yetu Mbeya, na mambo ya usalama wa wafanyakazi ni OSHA. Ipo pia sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Piga picha kurasa zilivyo tupu leo, kabla mwingine hajakusaidia kuzijaza.

*Mzee, huku Rungwe kuna gesi inatoka ardhini pale Kyejo, wanaijaza kwenye mitungi wanaondoka nayo. Mbona sisi wenye eneo hatupewi tukapikia? — Kijana, Tukuyu*

Mwee kijana, hiyo ni kabonidayoksaidi, ndo ile inayotoa povu kwenye soda. Haiwaki. Ukiipelekea kiberiti, kitakachozimika ni kiberiti.