Mwanangu, hamkunikosea: ilikuwa njia ya msalani

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Huku Mkomani sote hatujambo.

Jumapili uliniuliza kwa simu: "Mama, ulikuja Malindi kwa wiki mbili, mbona ulirudi siku ya nne? Na tangu siku ya pili chai yangu ya jioni ukaikataa. Tumekukosea nini?" Sikukujibu. Simu ilikuwa kwenye spika, nikasikia sauti ya mumeo, na jibu lenyewe si la kutamkwa mbele ya mkwe. Ndiyo maana nakuandikia. Soma peke yako kwanza, kisha mwambie mumeo yale utakayoona yanamhusu.

Hamkunikosea. Kilichonirudisha Lamu ni choo.

Siku hizi usiku hauniishi bila kuamka mara mbili, pengine tatu. Nyumbani sioni tabu yoyote. Chumba changu unakijua: natelemka kitandani, nashika ukuta mkono wa kushoto, hatua nne nimefika msalani. Birika la maji liko palepale lilipokuwa nilipoolewa, kata ya kuchotea iko juu yake, na hata stima ikikatika mkono wangu unajua pa kwenda. Wazee waliojenga nyumba hizi za mawe walikiweka choo ubavuni mwa vyumba vya ndani, mtu asilazimike kupita mbele ya wageni kwa haja yake. Nimekaa humo miaka yote hii, na thamani ya jambo hilo nimeijua juzi tu, kwako Malindi.

Kwako mlinipa chumba kizuri kuliko vyote, kile cha mbele chenye feni na dirisha la barabarani. Nilifurahi kwa heshima ile. Lakini kutoka hapo kwenda chooni napita sebuleni walikolala wavulana chini, napita mlango wenu, kisha naingia ukumbini ambako swichi sikuijua iko upande gani. Usiku wa kwanza nilikwenda nikipapasa ukuta. Nikasikia kitu laini chini ya unyayo, kumbe ni mkono wa mjukuu wangu. Hakuamka, alhamdulillahi, aligeuka tu. Nikasimama pale katikati ya giza, mguu mmoja juu, sijui pa kuukanyagia, na haja imenibana.

Nilipofika, mlango ule wa chuma ukalia. Nikasahau kwamba mbele yake kuna kidato cha kushuka, na taili zilikuwa bado zina maji ya mtu aliyeoga usiku. Niliteleza, nikadaka beseni la kunawia. Sikuanguka. Mumeo akasikia, akatoka mbio na tochi ya simu akanimulika usoni: "Mama, kuna nini? Unaumwa?" Mwanangu, alikuwa na nia njema na ninampenda kwa hilo. Lakini mimi nilikuwa na leso moja tu kiunoni, kichwa wazi, mbele ya mkwe wangu, saa tisa za usiku. Nikamwambia si kitu. Baada ya hapo nilishika kile kishikio cha kuvuta maji, nikaogopa kelele yake, nikakiacha. Nikajaza kopo nikamimina polepole ukingoni, mara tatu, mpaka pakawa safi.

Tangu usiku ule nikafanya jambo la kijinga, nalo ndilo ninalotaka ulijue kuliko yote. Niliacha kunywa. Chai yako ya jioni nilikataa, maji niligusa kwa midomo tu, na kile kidonge changu cha presha, kile kinachokojoza, sikukimeza siku mbili. Na ilikuwa kaskazi, unajua joto lake. Siku ya nne asubuhi niliinuka kwenye kibao cha mbuzi, cha kukunia nazi, nikashikwa na kisunzi, ukuta ukazunguka. Hukuona, ulikuwa jikoni. Nikaona heri nirudi kwangu kabla sijakuangukia. Hata safarini sikunywa. Zaidi ya kilomita 200 mpaka Mokowe tunakopandia boti ya Lamu, nilitia tone la maji ulimini Garsen tu, kwa kuogopa kumwomba dereva asimame porini.

Niliporudi nilikwenda kliniki. Muuguzi, kijana mdogo mwenye adabu, hakunicheka wala kunikaripia. Alinibonyeza muundi kwa kidole gumba, akahesabu, akakiondoa, pakabaki shimo kama kwenye unga uliokandwa. Akaniambia: haya maji hushuka miguuni mchana ukikaa na ukisimama, na ukilala yanarudi kwenye damu, figo zinayachuja, ndiyo unaamka. Tena akaniambia kuna homoni inayoziamuru figo zipunguze kazi usiku, na kwa watu wa umri wangu hupungua. Kwa hiyo mzee kuamka mara moja au mbili si ugonjwa kwa lazima. Lakini alinipima sukari, akapima na mkojo, kwa kuwa mkojo mwingi wenye kiu isiyoisha huenda ukawa sukari, na unaochoma au wenye damu haufai kungojewa. Kwa wanaume wa rika letu kuna na tezi dume. Mjombako naona anazunguka humo humo na hataki kusema. Mwambie mumeo azungumze naye, wewe hatakujibu.

Daktari akanihamishia kidonge asubuhi, badala ya jioni nilivyozoea. Hilo ni la daktari. Usimbadilishie mtu saa ya dawa kwa kusoma barua hii. Kuacha maji alinikataza kabisa: ukijinyima, mkojo unakuwa mkali, kibofu kinawashwa, unaamka vilevile, na unaongeza kisunzi. Ninywe sana kuanzia asubuhi hadi alasiri, nipunguze kuanzia magharibi, na katika saa mbili za mwisho kabla ya kulala ninywe kiasi cha kumezea dawa tu. Chai na kahawa zina kukojoza kwake na kufukuza usingizi kwake, basi ziwe za alasiri. Tikiti maji nalo ni maji, ingawa tunalitafuna. Na kila alasiri nilale nusu saa au saa nzima miguu ikiwa juu ya mito, maji yale yatoke mchana nikiwa macho. Nimefanya hivyo mwezi sasa. Usiku mwingi ninaamka mara moja tu.

Nikimaliza kuyasikia hayo nilimkumbuka bibi yako. Wakati wa Maulidi, mfungo sita, nyumba yetu ilijaa wageni, kutoka Tanga, Unguja hata Ngazidja ya Komoro, watu wamelala msana mzima, ule ukumbi mrefu, mpaka darini. Baada ya isha, wakiwa wanamaliza kahawa, bibi alikuwa akichukua kandili, anapunguza utambi mpaka mwanga unakuwa kama wa mshumaa, analiweka chini karibu na mlango wa choo, si juu. Pembeni yake anapanga mitawanda, vile viatu vya mti, jozi mbili, kavu, vidole vimeelekea ndani. Kopo anajaza mwenyewe. Hakuwahi kumuuliza mgeni mzima, "Bibi, wewe huamka usiku?" Taa ilikuwa pale tu, na kila mzee alijua imewekwa kwa ajili yake. Mimi nikiwa mtoto nilidhani ni ya kufukuza popo.

Sasa mamangu, la kufanya nikija tena nakwambia bila kuona haya.

Chumba cha mbele wape wavulana. Mimi nipe kile kidogo cha nyuma kinachopakana na choo, hata kama hakina feni. Nikipata njia fupi iliyo wazi, joto nitalistahimili. Ukumbini usiache mkeka wala zulia dogo, wala kamba ya chaja. Mguu wa mzee haunyanyuki sana usiku, unaburura.

Nunua taa ndogo ya sola, ile ya kuchaji juani, kwa sababu stima ya kwenu ina tabia zake. Iwekwe chini, imulike sakafu. Taa kali ya dari inafukuza usingizi wote, na tochi usoni inanipofusha nikabaki na giza zaidi ya lile la mwanzo.

Chooni mwiteni fundi atie chuma cha kushikia ukutani, kwa skrubu za kuingia tofalini. Fimbo ya taulo haimbebi mtu, usinionyeshe hiyo. Choo chenu ni cha kuchuchumaa na magoti yangu yanashuka vizuri, shida ni kuinuka. Kidato kile kipigeni rangi nyeupe ukingoni. Anayeoga usiku avute maji kwa mpira kabla ya kutoka, na aniachie ndara kavu mlangoni.

Mumeo mwambie hivi: akisikia nimeamka, asitoke. Akiwa na lake la kumtoa, akohoe kwanza kama babako alivyokuwa akifanya akiingia nyumbani, nami nitajitanda leso. Nikianguka nitaita, na hapo aje mbio bila kukohoa. Halafu mbele ya wote, siku ya kwanza, sema wewe mwenyewe kwamba usiku Mama atavuta maji na mlango utasikika. Likisemwa mara moja, sitakuwa nimesimama tena na kopo mkononi kama mwizi.

Ukiona siku moja nimezidiwa na miguu, nitilie ndoo yenye kifuniko chumbani, pembeni ya kitanda, na kiti imara cha kushikia. Sitakataa. Shangazi yako alikataa ndoo kwa kuona aibu, akavunjika nyonga njiani kwenda chooni, na hakutembea tena sawasawa. Naona uchungu mpaka leo kwamba sote tulimwachia aibu yake tukidhani ndiyo kumheshimu.

Kwa upande wangu mimi nina adabu mpya ya ugeni. Nikifika kwa mtu, kwako au kwa kaka yako Kisauni, kabla ya kula nitaomba nionyeshwe choo, na nikiendee kungali mchana, nihesabu hatua na niguse swichi. Usiku nikiamka nitakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, nichezeshe vifundo vya miguu, nihesabu mpaka thelathini, ndipo nisimame, maana presha hushuka mtu akiinuka ghafla kutoka kulala. Na dawa zangu nitameza zote.

Nakusudia kuja baada ya Maulidi, kwa basi la asubuhi, nifike alasiri saa yako ya chai. Nitakuletea mikate ya mofa. Chai hiyo nitakunywa vikombe viwili. Mlango wa chuma upakeni mafuta bawabani kabla sijafika.

Wasalimie wajukuu zangu, na yule niliyemkanyaga mkono mbusu kwa niaba yangu.

Mamako,
Lamu